Kizunguzungu hakiponi kitandani

Msimu wa kusi, ukivuka na boti kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, unayumbishwa karibu saa mbili nzima. Jioni unaingia bafuni, unafumba macho sabuni isikuingie, na papo hapo sakafu inaanza kupanda na kushuka kana kwamba bado uko katikati ya mkondo. Watu huniuliza kama huo ni ugonjwa. Kwa walio wengi hapana, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya saa chache au siku moja mbili. Ubongo ulikwisha kujifunza bahari, sasa unajifunza nchi kavu upya.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa kizunguzungu. Wengi hunijia wakiwa wamekwisha kupimwa malaria na presha, wameambiwa waongeze damu, wamelala sana. Hilo la kulala ndilo linaloniumiza.

Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza vitumbua, akishikwa mkono na binti yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimechoka. Nikigeuza shingo tu, nyumba yote inanifuata.”

Miezi minne kabla ya hapo mshipa wa fahamu unaotoka kwenye sikio lake la ndani la kulia ulikuwa umevimba, jambo ambalo mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, vinavyohisi kichwa kikiinama au gari likiondoka. Hata ukiwa umetulia tuli, masikio yote mawili hutuma ishara kwenye ubongo, sawa kwa sawa. Ukigeukia kulia, za kulia huongezeka na za kushoto hupungua. Sasa sikio la kulia likinyamaza ghafla, ubongo unasikia la kushoto peke yake, na kwake hiyo ina maana moja tu: unazunguka kuelekea kushoto, bila kusimama. Hapo mtu hutapika, macho humchezacheza, na hawezi kunyanyua kichwa.

Siku chache baadaye kizunguzungu kinachompata mtu hata akiwa amelala tuli hupungua, hata kama mshipa wenyewe haujapona. Shina la ubongo, sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, hupandisha ishara za upande ulionyamaza na kushusha za ule unaopiga kelele, mpaka pande mbili zikaribiane tena. Hatua hii haikuhitaji bidii ya mama. Iliyofuata ndiyo iliyomhitaji.

Jaribu hili hapo ulipo. Nyoosha mkono na simu yako, itikise haraka kushoto na kulia, kisha usome. Maandishi yanavurugika. Sasa itulize simu, utikise kichwa kwa kasi ile ile. Unasoma vizuri. Sikio la ndani linayaamuru macho yageuke kinyume cha kichwa, na amri hiyo inafika chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa yule mama amri ilikuwa inafika pungufu, ndiyo maana nyumba ilimfuata.

Kiwango cha amri hiyo hakikuwekwa mara moja kwa maisha. Ukivaa miwani mipya yenye nguvu, siku ya kwanza dunia inaelea, baada ya siku kadhaa inatulia, kwa sababu serebela, ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, imepima kosa na kulirekebisha. Miaka ya 1970 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwavalisha watu prizimu, yaani vioo vya kupinda mwanga, zilizogeuza kushoto kuwa kulia kwa wiki kadhaa. Macho yao yaliacha taratibu mwendo wa asili, kisha yakaanza kuelekea upande uliokuwa kinyume kabisa na ule waliozaliwa nao.

Lakini serebela hurekebisha kosa inaloliona. Mama alikuwa amepewa vidonge vya kutuliza kizunguzungu, akaambiwa aendelee navyo. Vidonge hivyo vina kazi nzuri siku mbili tatu za mwanzo. Vikimezwa kwa miezi, huzima na zile ishara ambazo ubongo unazihitaji ili ujifunze. Juu ya vidonge, aliogopa kugeuza shingo. Bila mwendo hakuna kosa, na bila kosa hakuna cha kurekebisha. Daktari wa masikio Terence Cawthorne aliliona hili Uingereza miaka ya 1940: wagonjwa waliojishughulisha mapema walipona upesi kuliko waliotulia, naye pamoja na mwenzake Cooksey wakatunga mazoezi ambayo msingi wake tunautumia hadi leo.

Kwa hiyo, kwa kushauriana na daktari wake, tuliviacha vidonge hatua kwa hatua. Akakodolea macho kidole gumba chake huku akigeuza kichwa, polepole, kisha kwa kasi, dakika moja moja mara kadhaa kwa siku. Nilimwambia wazi kwamba kizunguzungu kidogo lazima kije, kisha kipite. Baadaye akasimama juu ya godoro pembeni mwa kona ya ukuta, macho wazi, halafu yamefumbwa, binti yake akiwa karibu. Godoro huzifanya nyayo zisiaminike, na kufumba kunayaondoa macho, basi ubongo unalazimika kulisikiliza sikio.

Wapo walioharibikiwa masikio yote mawili, wengine kwa sindano za streptomaisini au jentamaisini, dawa za kuua bakteria. Hao hawazungukwi na nyumba. Hutembea vizuri mchana juu ya saruji kwa kutegemea macho na nyayo, kisha umeme ukikatika wanaanguka. Mchanga wa pwani usiku ni hatari kubwa kwao. Nawaambia wawe na tochi daima.

Kama kizunguzungu kimekuja ghafla pamoja na ulimi mzito, uso kupinda, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kusimama, usisubiri mazoezi. Wahi hospitali saa hiyo hiyo, huenda ni kiharusi.

Yule mama, wiki ya saba, nilimpa zoezi la kutembea huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Akaniambia hilo ameshaanza mwenyewe: asubuhi anapokwenda kibandani kwake, kila anayempungia mkono humgeukia na kumwitikia salamu, bila kupunguza mwendo.