Malimbikizo ya ushuru wa forodha: tazama umri wa deni kabla ya ukubwa wake

Orodha ya wadaiwa wa forodha mara nyingi hupangwa kwa ukubwa: deni kubwa juu, dogo chini. Ripoti inapendeza, lakini fedha haziingii. Kila deni lingepaswa kuulizwa mambo mawili tu: lina umri gani, na forodha imeshika nini mkononi? Shilingi milioni 8 za wiki tatu, mzigo ukiwa bado kwenye yadi ya Tunduma, zinalipwa mwenye mali akitaka asitake. Milioni 300 za mwaka wa nne, za kampuni iliyokwisha hama pango lake Mwanjelwa, ni karatasi.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imetoa meno ya kutosha. Kifungu cha 130 kinasema ushuru ni deni linalobebwa na bidhaa yenyewe, na mwenye bidhaa analipa. Tatizo haliko kwenye sheria. Liko kwenye daftari.

Nianze na mizigo ya transiti, kwa sababu huku nyanda za juu kusini ndiko barabara ya TANZAM inakoishia upande wetu. Mzigo unaokwenda Zambia au Kongo hutoka Dar es Salaam chini ya dhamana, yaani ahadi, kwa kawaida ya kampuni ya bima, kwamba ushuru utalipwa mzigo usipovuka, na unatakiwa uwe umevuka ndani ya siku 30. Ukivuka, mfumo unaifuta dhamana. Usipoonekana umevuka, ushuru wote unakuwa deni. Sasa, "haukuonekana umevuka" na "haukuvuka" ni vitu viwili. Semi imekufa Igawa, mzigo umehamishiwa gari jingine bila forodha kuarifiwa, namba ya gari iliyofika mpakani hailingani na iliyo kwenye kadhia (tamko la mzigo lililowasilishwa forodha), basi kadhia inabaki wazi. Au gari limepita na taarifa ya kutoka haikuingizwa kwenye mfumo. Madeni kama haya yanajaza orodha na kuwaficha wale walioshusha mafuta au sukari njiani na kuiuza hapa hapa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha. Kwa kila kadhia iliyo wazi, tafuta ushahidi wa aina tatu: rekodi ya geti la kutokea, rekodi ya lakiri ya kielektroniki ya kufuatilia mzigo, na kadhia ya kuingiza bidhaa upande wa pili. Hiyo ya tatu ilikuwa ngumu zamani. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, maofisa wa Zambia wako jirani, ni suala la kuvuka ukumbi na orodha ya namba za kontena. Angalia namba ya kontena kwanza, namba ya gari baadaye; gari hubadilishwa njiani, kontena mara chache. Zikikubaliana zote, funga kadhia. Isipopatikana hata moja, huyo ni mdaiwa wa kweli, na saa imeanza kuhesabu.

Dhamana nayo ina tarehe ya kuisha, na kiasi chake hakitoshi kila mara. Masharti yakivunjwa, Kamishna wa forodha anaweza kumwandikia aliyeweka dhamana alipe ndani ya siku 14. Barua hiyo iende kwa kampuni ya bima siku ile ile inapokwenda kwa mwagizaji. Ukisubiri mwagizaji "ajibu kwanza", utakuja kuikuta dhamana imekwisha muda, na hoja ya bima itakuwa hiyo hiyo moja.

Sehemu ya pili, ambayo naona ndiyo inayopoteza fedha nyingi kimyakimya, ni notisi ya madai. Ukaguzi baada ya mzigo kutoka umegundua kwamba mashine ya kupasulia mbao iliyokwenda Mafinga iliandikwa kwenye msimbo wa bidhaa wenye kiwango cha chini cha ushuru. Kifungu cha 135 kinaruhusu kudai pungufu hilo, lakini ndani ya miaka mitano, isipokuwa pale penye udanganyifu. Notisi inayosimama inataja namba ya kadhia na tarehe, msimbo uliotumika na unaostahili pamoja na sababu, thamani, kiwango, kisha hesabu ya kila kodi peke yake: ushuru wa forodha mstari wake, VAT mstari wake. Notisi inayosema "unadaiwa jumla ya shilingi kadhaa kutokana na ukaguzi" inakufa mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi, na inastahili kufa.

Nyingine hufa kwa anwani. Zimetumwa kwa wakala wa forodha aliyemtolea mwagizaji mzigo peke yake, au kwenye sanduku la posta lililofungwa. Wapelekewe wote wawili, mwagizaji na wakala, na sahihi ya kupokea ibaki kwenye faili.

Riba ni asilimia 2 kwa mwezi au sehemu ya mwezi. Deni la milioni 20 linaongezeka 400,000 kila mwezi. Miezi 14 na siku tatu inahesabiwa 15, yaani milioni 6. Andika hesabu hiyo ndani ya notisi yenyewe, ionyeshe deni litakuwa kiasi gani mwezi ujao. Wafanyabiashara wengi hawasomi vifungu, lakini hesabu hiyo wataisoma. Na kontrol namba, ile ya kulipia serikalini, iwe hai: mtu amekuja na fedha Ijumaa jioni, namba imekwisha muda, anazipeleka kununua mzigo mwingine.

Mdaiwa ana siku 30 za kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi, na Kamishna ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Narudia: ukimya unafuta deni. Rejesta ya mapingamizi inahitaji mtu mmoja mwenye jina, si kamati.

Magari yaliyoingia kwa muda kupitia Kasumulu na hayakurudi Malawi ni hesabu ndogo. Yafuatwe barabarani, si kwa barua.

Kwa wanaotaka kulipa kidogo kidogo, sipendi ratiba ya mafungu sawa kila mwezi. Muuza vipuri wa Mbozi ana fedha kahawa ikilipwa, wa Mbarali mpunga ukivunwa. Mafungu makubwa yawekwe hapo, la kwanza lilipwe kabla ya kusaini, na riba iendelee kwenye salio. Kukamata mali nakuweka mwisho: msumeno uliofungwa hauzalishi ushuru, na bei ya mnadani huwa ya kusikitisha. Kabla ya hapo kuna kuzuia mzigo wake unaofuata, na kuitaka benki yake, au mtu anayedaiwa na yeye, ailipe forodha moja kwa moja.

Na kuna wakala. Kwa kifungu cha 147 anahesabiwa kama mwenye mali kwa ushuru huo, na leseni yake inaisha 31 Desemba. Orodha ya kadhia zilizo wazi kwa kila wakala ikiwa tayari mezani mwezi Oktoba, wengi watawatafuta wateja wao wenyewe kabla ya kuomba leseni mpya.