Leseni ya Baiskeli Inamtafuta Nani?

Mwizi wa baiskeli hana kazi ngumu. Akishakata kufuli, anapanda na kuondoka akipiga pedeli taratibu kama mwenye mali, na hakuna anayemshangaa. Ndiyo maana kila wizi unapozidi mjini, watu hupendekeza baiskeli ziwe na leseni kama magari. Tunaofanya kazi ya usalama wa usafiri tunaulizwa jambo hili mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba inategemea leseni hiyo imewekwa kumbana mwendeshaji au kuitambua baiskeli.

Jiji la Toronto, Kanada, liliwahi kujaribu. Mwaka 1935 lilianza kudai leseni za baiskeli, na mwaka 1957 likazifuta. Sababu iliyotajwa itawachekesha wengi: watoto walikuwa wakivunja sheria bila kujua, wangali wadogo kabisa, na uhusiano wao na polisi ukawa unaharibika. Lakini mtu aliyewahi kusimamia daftari la mali za watu haicheki sababu hiyo. Baiskeli huhama mikono kimyakimya. Kaka akinunuliwa mpya, mdogo wake anarithi ya zamani. Mdogo naye akirefuka, inauzwa kwa jirani, na jirani anaipeleka kijijini kwa mjomba. Nani atakwenda ofisini kubadilisha jina kila mara? Kwa gari mtu atakwenda, maana thamani yake inastahili usumbufu huo. Kwa baiskeli ya kawaida haendi, na miaka michache baadaye daftari linakuwa limejaa majina ya watu ambao hawana tena hizo baiskeli. Toronto ililichunguza tena wazo hili mwaka 1984, safari hiyo kwa ajili ya wizi hasa, kisha 1992 na 1996. Leseni haikurudi.

Afrika Mashariki nayo tunaijua leseni ya baiskeli, na wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Ilikuwa kodi. Askari akikusimamisha alitaka kujua kama umelipa, si kama umeibiwa.

Turudi Toronto, mwaka 2008. Polisi walimkamata mwenye duka la baiskeli, Igor Kenk, wakakuta karibu baiskeli 3,000 zimerundikwa dukani kwake na kwenye maghala. Wananchi waliitwa kuja kutafuta zao. Wakaja kwa wingi, na wengi wakarudi mikono mitupu. Mtu anakumbuka kuwa yake ilikuwa ya bluu, yenye mkwaruzo karibu na karia. Za bluu zenye mikwaruzo ni ngapi hapo? Namba ya fremu, ile iliyogongwa kwenye chuma cha baiskeli yenyewe, hakuwahi kuiandika. Polisi walikuwa na mali isiyo na wenyewe, na wenyewe hawakuwa na uthibitisho. Kwangu mimi, hilo ndilo pengo ambalo utaratibu wowote wa kupambana na wizi unapaswa kuliziba kwanza.

Japani imeliziba kwa kiasi. Tangu mwaka 1994 mnunuzi anatakiwa kisheria kusajili baiskeli yake. Kwa kawaida dukani hapohapo analipa yeni mia kadhaa na kubandikiwa stika yenye namba kwenye fremu. Askari wa doria humsimamisha mwendeshaji usiku, huisoma namba, huuliza kwa redio, na jina la mwenyewe hujulikana papo hapo. Hakuna mtihani wala ada ya kila mwaka, na asiyesajili hapigwi faini. Hata hivyo, bado huibwa baiskeli zaidi ya laki moja kwa mwaka nchini humo, na nyingi kati yake hazikuwa zimefungwa kufuli. Usajili husaidia mali kurudi. Kumzuia mwizi asiichukue ni kazi nyingine.

Kwa hiyo ningekuwa naandika sheria ndogo ya jiji, nisingegusa leseni ya mwendeshaji. Ningemtaka muuzaji aandike namba ya fremu kwenye risiti, ningefanya usajili uwe bure, na nguvu zilizobaki ningezipeleka kwa wanunuzi na wauzaji wa baiskeli kuukuu. Wizi huu unaishi kwa sababu kuna anayenunua bila kuuliza.

Wewe huna haja ya kusubiri sheria. Ipindue baiskeli yako. Mara nyingi namba imegongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita. Futa grisi uisome. Ipige picha, piga nyingine ya baiskeli nzima ukiwa umeishika, na uzitunze pamoja na risiti mahali ambapo hazitapotea simu ikipotea. Unaponunua kuukuu, tazama hapohapo kwanza kabla ya kuangalia tairi na breki. Ukikuta namba imesagwa kwa tupa, mrudishie muuzaji baiskeli yake hata akipunguza bei mara tatu.