Shombo Ukeni Haiondolewi kwa Sabuni

Mwanamke anayetokwa na ute mwepesi, mweupe au wa kijivu, wenye shombo, mara nyingi hujiona mchafu. Basi huanza kujiosha kwa ndani kwa sabuni, siki au dawa za manukato, na hali inazidi.

Tatizo hili huitwa vajinosisi ya bakteria. Si uchafu, wala si ushahidi wa usaliti. Ukeni huishi bakteria walinzi, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuweka pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, asidi hupungua nayo, na bakteria wengine kama Gardnerella huzaliana kupita kiasi. Shahawa na damu ya hedhi huipunguza asidi hiyo zaidi, ndiyo maana shombo hukolea baada ya tendo la ndoa au hedhi. Ukijiosha ndani unawatoa walinzi wenyewe. Uke hujisafisha, osha sehemu za nje tu, maji yanatosha.

Wengi hukimbilia dawa za fangasi. Hazisaidii hapa. Fangasi huleta muwasho mkali na ute mzito wa mabongemabonge, kwa kawaida bila shombo. Lakini trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa ngono, nayo inaweza kunuka, kwa hiyo kukisia nyumbani ni hatari: nenda ukapimwe. Mtaalamu huangalia ute, hupima pH (ikizidi 4.5 ni dalili mojawapo) na hutazama seli kwa darubini.

Tiba ya kawaida ni metronidazoli ya kumeza, miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ipo pia jeli ya metronidazoli, au krimu ya klindamaisini, za kupaka ukeni. Krimu hiyo ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Maliza dozi hata kama shombo imekwisha siku ya tatu.

Wapo wasio na dalili yoyote, na wengi wao hawahitaji dawa. Lakini mwenye dalili asipuuze, kwani hali hii huongeza uwezekano wa kupata VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Kwa mjamzito inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, naye anaweza kutibiwa salama akifuata maelekezo ya kliniki.

Linalowakatisha tamaa wanawake ni kurudi kwake. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa huipata tena ndani ya mwaka. Kwa miaka mingi wanaume waliambiwa tatizo hili haliwahusu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 umebadilisha mtazamo huo: wapenzi wa kiume walipotibiwa pamoja na wanawake wao, kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni kwa siku 7, hali ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, ikilinganishwa na asilimia 63 pale mwanamke alipotibiwa peke yake. Kwa hiyo ikikurudia, mwombe mwenzako mwende kliniki pamoja.