Mkongo wa intaneti kufika Kigoma si mji kuwa tayari kwa uchumi wa kidijitali

"Mkongo wa Taifa ushafika Kigoma, uchumi wa kidijitali tunao." Kauli hiyo utaisikia sana vijiweni Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, na inapotosha. Mkongo, yaani nyaya kuu za kusafirisha intaneti nchini, ni njia tu. Umeme je? Kwa miaka mingi mkoa huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Halafu shuka Kibirizi, kwenye mwalo wa samaki. Mchuuzi wa dagaa analipwa kwa simu, sawa, ila madeni yake yamo kwenye daftari lililolowa, na ili amlipe mvuvi anakwenda kwa wakala kutoa taslimu, makato juu yake. Hapo ndipo pa kupimia: nani anauza, anatunza hesabu na kukopesheka kwa kumbukumbu zake za mtandaoni? Idadi ya minara ya simu, wanayoipenda wanasiasa, haijibu hilo.