Kisahani cha majivu chenye feni hakimkingi aliyekaa pembeni

Wengi bado wanaamini ukiweka mezani kile kisahani cha majivu chenye kifeni na filta basi unaweza kuvuta sigara sebuleni huku watoto wanacheza, hapana jamani. Sigara muda mwingi iko mkononi au mdomoni, sasa kifeni kinavuta nini? Filta ya HEPA, yaani ile ya nyuzi zilizosongamana sana, inanasa chembechembe za moshi vizuri tu, hata zile ndogo sana za mikroni 0.3, ila kaboni monoksaidi, sumu iliyomo kwenye moshi huo, ni gesi, inapita kama haijaona kitu. Ule mkaa unaowekwa ndani ya kisahani unapunguza harufu na hapo ndo watu wanadanganyika, pua ikitulia wanadhani hewa safi. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya 2006 ilishasema kusafisha hewa au kufungua madirisha hakutoshi, kinachomkinga asiyevuta ni ndani kusivutwe kabisa.