Kila neno kwenye amri ya kuwasha seva lina mwenyewe

Kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliniletea kompyuta yake yenye RAM ya GB 8, ambayo huitumia kama seva ya mchezo wa Minecraft kwa ajili ya rafiki zake, ikiwa na modi (nyongeza za mchezo) zinazopakiwa na programu ya Forge. "Kaka, nimeipa giga tano, mbona wakiingia watu wanne tu inaganda?" Aliniambia kwamba alikuwa ametafuta maelezo ya amri za kuwashia seva kwa siku tatu, na kila alipopata mstari mrefu mtandaoni aliunakili kama ulivyo.

Tatizo la utafutaji wa namna hiyo ni kwamba maelezo hayo hayapo mahali pamoja, kwa sababu amri yenyewe si ya programu moja. Ukiandika `java -Xmx5G -jar server.jar nogui`, kila kilichotangulia `-jar` kinasomwa na Java, programu inayoiendesha seva, na kila kinachofuata jina la faili kinasomwa na seva ya mchezo. Kwa hiyo anayetafuta maana ya `-Xmx` (kikomo cha kumbukumbu) kwenye maelezo ya Minecraft, au maana ya `nogui` (kuwasha bila dirisha) kwenye maelezo ya Java, atahangaika bure. Na anayeweka `-Xmx5G` baada ya jina la faili hawezi kuongeza kumbukumbu hata kidogo, kwani Java haiisomi tena.

Mimi huanza kwa kuziuliza programu zenyewe. `java -X` huorodhesha machaguo ya ziada ya Java iliyomo kwenye mashine yako, na `java -jar server.jar --help` huonyesha yale ya seva, kama `--port`, `--world` na `--forceUpgrade`. Majibu hayo ni ya toleo ulilonalo, jambo ambalo ukurasa wa zamani hauwezi kukuhakikishia. Chaguo `-XX:+UseConcMarkSweepGC`, la namna Java inavyosafisha kumbukumbu, lililosifiwa sana enzi za Java 8, liliondolewa kuanzia Java 14, na ukilibandika kwenye Java 17 seva haiwaki kabisa.

Mwenyewe wa tatu ni kipakiaji cha modi, yaani Forge, na hapa ndipo wengi hupotea. Tangu Minecraft 1.17, kisakinishi cha Forge huacha skripti `run.sh` (kwa Windows ni `run.bat`) pamoja na faili `user_jvm_args.txt`, ambamo ndimo unapoandika machaguo ya Java. Maelezo ya kabla ya hapo hukuelekeza kuwasha faili la Forge kwa `-jar`, nawe unaweza kulitafuta faili hilo hadi uchoke. Ukifungua `run.sh` kwa kihariri cha maandishi utaona mstari mmoja ulio muhimu zaidi: unaita `java`, unasoma faili lako, unasoma faili la Forge lililo ndani ya `libraries`, kisha unamalizia na `"$@"`, yaani chochote utakachoandika baada ya `./run.sh` kinapelekwa kwa seva. Binafsi naona mstari huo unafundisha kuliko kurasa nyingi.

Nilipofungua `user_jvm_args.txt` ya yule kijana nilikuta `# -Xmx5G`. Faili huja na mfano uliotanguliwa na alama ya reli, na mstari wenye alama hiyo Java huuruka. Yeye alibadilisha namba akaiacha alama. Java isipopewa kikomo hujichukulia takribani robo ya RAM, kwa hiyo seva yake ilikuwa ikifanya kazi kwa GB 2 muda wote huo, naye akizilaumu modi.

Nilifuta alama, kisha nikamwonyesha namna ya kuhakikisha:

`java @user_jvm_args.txt -XX:+PrintFlagsFinal -version | grep MaxHeapSize`

Ikatoka 5368709120, ambazo ni GB 5 kamili kwa baiti.