Mombasa ya kwanza iko chini ya hospitali

Mgeni akitaka historia ya Mombasa hupelekwa Fort Jesus. Si vibaya, lakini Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alishapita kisiwani tangu 1331. Hata nyumba za Mji wa Kale, zile za roshani na milango ya nakshi, nyingi ni za karne ya 19 au baadaye.

Mji wa awali ulikuwa kaskazini ya hapo, kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Pwani. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba pale miaka ya 1970, na matabaka ya udongo aliyoyafikia yanaturudisha nyuma karne kadhaa kabla ya Mreno yeyote. Wagonjwa hupita juu yake kila siku.

Kalenda yetu sisi wachimbaji ni vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Kigae cha manjano chenye mistari myeusi kilitoka Yemen, na kwa kawaida ni cha karne ya 13 au ya 14. Cha kijani kizito kinachong'aa ni cha China. Ila vinavyojaza karai ni vipande vya vyungu vya hapahapa, vyeusi kwa masizi, na mimi navithamini kuliko vya China: hivyo ndivyo vilivyokaa jikoni kwa watu wote, tajiri na maskini.

Ibn Battuta aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Basi anayetafuta kuta za mawe peke yake atauruka mji mzima. Mbao huoza, lakini shimo la nguzo hubaki ardhini kama doa la udongo mweusi. Aliandika pia kuwa kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili, vifupi. Ndiyo maana nikiingia mtaa wowote wa kisiwani huwauliza wazee kwanza habari za visima; kisima cha kale huweza kuonyesha ulipokuwa msikiti ambao hakuna tena anayeukumbuka.

Kinachoniumiza ni misingi ya maghorofa. Tingatinga humaliza karne tano kwa alasiri moja. Ukiona vigae au mifupa kwenye shimo la msingi, usiviokote: kigae kilichotolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Piga picha, pima kina chake kutoka juu, kisha uwaarifu watu wa makumbusho pale Fort Jesus kabla zege halijamwagwa.